Vitabu Tulivyoviita vya Uchawi

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa ninapiga pasi mashati ya watu kule Uccle, mtaa wa matajiri hapa Brussels. Ujumbe wa kundi la simu la kanisa letu ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema kwamba yule papa muuguzi (papa ndivyo sisi Wakongo tunavyowaita wazee wetu), ambaye wengi wetu tulimwita Papa wa Vitabu, amefariki katika nyumba ya wazee alikokuwa tangu baridi ianze. Ya pili ilisema kwamba yeyote aliye na sanduku lake la vitabu alilete ukumbini Jumamosi, liombewe, na vitabu vichomwe kabla hajazikwa, ili aende akiwa amefunguliwa. Sanduku hilo lilikuwa chini ya kitanda changu. Alinikabidhi mwenyewe siku aliyohamishwa, akaniomba jambo moja tu. "Usiache bavitupe," alisema. "Mutoto yangu atakuja kuvikamata." Mtoto huyo ni binti yake, daktari huko Bukavu, ambaye hadi leo anangoja viza ya kuja kumwona baba yake mgonjwa. Nilichomoa pasi, nikaketi sakafuni. Wanaosoma ukurasa huu wamezoea niwaandikie taratibu, juu ya mambo madogo ya kazi na ya mtaa. Leo nina hasira, na sitaificha.

Niwaeleze kwanza alikuwa nani, kwa sababu kwenye matanga yameelezwa mambo mengine. Alikuwa muuguzi Kivu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Alifunga vidonda vya vita, alizalisha akina mama kwa mwanga wa taa ya mafuta, na nusu ya watu wazima wa kanisa letu waliwahi kudungwa sindano na mkono wake. Vita vilimpeleka Kampala, akangoja karatasi za ukimbizi kwa miaka, na katika kungoja akajifunza Kiingereza kwa kusoma Biblia na vile vikaratasi vinavyokaa ndani ya paketi za dawa. Alipofika Brussels aliambiwa kwamba diploma yake haitambuliki. Mtu aliyekuwa akiongoza wodi nzima akapewa kazi ya kuogesha mzee mmoja Mwingereza, profesa mstaafu, katika nyumba yenye bustani kule Uccle. Profesa yule alikuwa amefundisha historia ya matibabu, na nyumba yake ilijaa vitabu vya Waingereza wa miaka mia nne iliyopita: vitabu juu ya mwili na roho, juu ya tabia ya binadamu, juu ya huzuni, juu ya Mungu na mkojo wa wagonjwa, vyote vikiwa vimechanganywa. Macho ya profesa yalipochoka, papa ndiye aliyemsomea, na profesa akawa anamfafanulia. Alipofariki, wapwa zake walikuja na lori. Vitabu vizuri vilikwenda kwa wauzaji. Vile vilivyokataliwa, nakala za kawaida zilizochapwa upya na vichache vikuukuu visivyo na jalada, papa aliviomba, akavitia ndani ya sanduku la nguo, akapanda navyo tramu.

Sijawahi kuona mtu anayesoma kama alivyosoma yeye. Aliviendea vitabu kama muuguzi anavyozunguka wodini asubuhi. Kila Jumapili baada ya ibada alichagua kurasa kadhaa, na kwa kila ukurasa alijaza kikaratasi kwa Kiswahili: mgonjwa analalamika nini, mwandishi anafikiri ni nini, alimpa nini, na mwisho wake ulikuwaje. Kisha alikichomeka kikaratasi pale pale, kama faili ya mgonjwa inavyoning'inia kitandani. Nilianza kwenda kwake macho yake yalipoanza kufifia. Mimi niliishia shule ya msingi na Kiingereza sikijui, lakini herufi ninazijua, basi nilikuwa ninatamka maneno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, naye anayasikiliza na kuyageuza.

"Soma tena hapo, ma fille," aliniambia siku moja, maana aliniita binti yake. Nilisoma tena. "Ah bon. Anasema ukamate njiwa, umupasule katikati akiwa muzima, umuweke ku nyayo za mugonjwa, avute homa."

"Mgonjwa alipona, papa?"

"Njiwa ndiye hakupona. Mugonjwa, tuone page ya mbele."

Kwenye ukurasa wa mbele mgonjwa alikuwa amezikwa. Papa alicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza kwa nini tunapoteza Jumapili kwa watu waliokosea hivi, watu walioamini kwamba binadamu ni mchanganyiko wa damu, kohozi na nyongo za rangi mbili, na kwamba mwenye hasira apewe saladi ili nyongo yake ya njano ipoe. Aliacha kucheka. "Docteurs bote banakosea," alisema. "Mimi pia nilikosea, na bantu balikufa. Lakini ule anaandika, 'nilimupa hii, akakufa, sijuwe juu ya nini,' ule ndiye unaweza kumuachia mutoto wako."

Kulikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote. Mwandishi wake alikuwa daktari wa kijijini, wakati ule ambapo huko kwao wanawake walikuwa wananyongwa kwa kosa la uchawi. Alikuwa ameitwa kumwona msichana wa kazi aliyekuwa akitetemeka na kupiga kelele, na mtaa mzima ulishakata shauri kwamba ana pepo. Daktari hakubishana na mtu. Aliketi karibu na msichana yule siku tatu na kuandika kila alichokiona, na akaona kwamba anatulia na kula kila mara bibi wa nyumba anapotoka. Akaandika kwamba mchungaji aje aombe, ndiyo, lakini msichana ahamishwe kwanza nyumba ile, ale na alale. Kisha, kwa kurasa nzima, anawasihi wasomaji wasimwone kuwa amemkana Mungu kwa kusema hivyo. Papa aliniomba nirudie sehemu hiyo mara nyingi. "Unasikia?" aliniuliza. "Huyu muntu alikuwa anaogopa église yake."

Wakati huo sikuelewa kwa nini sauti yake ilishuka alipotaja kanisa. Nilielewa baadaye, siku ya maombi katika ule ukumbi wetu nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto wa wiki tatu, alikuwa haongei, halali, amegeukia ukuta. Mchungaji alitangaza kwamba ni roho ya mauti, na kwamba afunge siku tatu bila chakula. Papa alisimama. Hakupandisha sauti.

"Muniwie radhi, pasteur. Huyu mama amezaa juzi, ananyonyesha, na munamufungisha kula?"

"Papa, haya ni mambo ya kiroho."

"Mimi siko nakataza maombi. Muombe. Lakini mimi namupeleka kwa docteur sasa, na mume wake anakuja na sisi. Simama, baba, beba mutoto."

Mume alisimama. Yule mama alitibiwa, na baada ya miezi alikuwa anaimba tena kwenye kwaya. Watu walisema Mungu ni mwema, na ni kweli. Lakini mchungaji alikuwa amesahihishwa mbele ya watu, na hilo hakulisahau.

Halafu nikampa mchungaji sababu ya kumwandama papa. Ni mimi niliyempa, na lazima niliandike hapa. Katika kitabu kimoja kulikuwa na picha ya mtu aliye uchi, na kwenye kila kiungo chake kumechorwa mnyama wa nyota: kondoo kichwani, simba kifuani, samaki miguuni. Waganga wa zamani walitazama nyota kabla ya kumtoa mgonjwa damu. Mimi niliiona inachekesha, nikaipiga picha na kuituma kwenye kundi, pamoja na maneno kwamba leo papa ananifundisha mambo. Kwa watu waliokulia kwetu, mtu aliye uchi mwenye wanyama mwilini si mchezo. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya vitabu vya giza vinavyoingia nyumbani mwetu. Papa aliambiwa avilete. Alijibu kwamba atavileta kwa furaha, tukae wote tuvisome pamoja. Hakuna aliyetaka kuvisoma. Walitaka kuvichoma.

Mnajua jinsi tunavyowatunza wagonjwa wetu. Kuna orodha ya ziara. Mtu akilazwa, jina lake linaingia, na kila siku akina mama wawili wanapeleka chakula, wanamsugua mgongo, wanamsimulia habari za mtaa. Hakuna jambo letu ninalolionea fahari kuliko hilo. Moyo wa papa uliposhindwa kufanya kazi vizuri, miguu ikavimba, akahamishiwa nyumba ya wazee, nilisubiri jina lake wiki mbili. Kisha nikamfuata yule mama anayeshika orodha, nikamkuta sokoni Flagey anachagua ndizi.

"Maman, papa iko malade tangu mwezi."

"Tunajua."

"Mbona jina lake haiko kwenye liste?"

"Bon, ile jina ilitoka, chérie. Ulizia pasteur."

"Lakini maman, wewe unamjua."

"Ninamujua sana. Alinitibu malaria nikiwa mutoto, Bukavu." Akageukia ndizi. "Hizi ziko mbichi," alimwambia muuzaji.

Basi alikaa miezi minne bila wageni, isipokuwa mimi siku za Jumapili. Wafanyakazi wa pale walimpazia sauti kama wanavyowapazia watoto, yeye aliyewahi kuwafundisha wauguzi. Sikumwambia habari za orodha. Naye hakuuliza, na sasa nadhani alijua. Kwenye matanga yake nilikuta sufuria za sombe, samaki na fufu za kulisha mtaa mzima. Miezi minne hakuletewa hata bakuli moja, lakini siku aliyokufa mikono yote ilipata nguvu ya kupika. Sikula.

Jumamosi mapema, tonton mmoja wa kanisa, yaani mjomba kama tunavyowaita wanaume wa umri wake, alibisha mlangoni kwangu. Ni mtu mzima, mwenye heshima, na mimi kwa kawaida huwa sinyanyui uso mbele ya watu kama yeye.

"Nimetumwa sanduku," alisema.

"Karibu ndani, tonton." Nililivuta, nikalifungua mbele yake. "Nionyeshe kile cha uchawi."

Alivaa miwani, akachukua kimoja, akafunua, akafunua tena. "Iko mu kingereza hii."

"Ndiyo."

"Miye sijuwe kingereza."

"Na pasteur anajua?"

"Hapana. Yeye ni kifaransa."

"Basi ni nani aliyevisoma akajua ni vya uchawi?"

Alinitazama juu ya miwani. "Ile picha. Si wewe uliituma?"

"Ni mimi." Nikamtafutia ukurasa wenyewe. Kikaratasi cha papa kilikuwa pale pale. "Hiki ni Kiswahili, tonton. Soma."

Alisoma kwa sauti, polepole: "Mwandishi anafikiri nyota zinatawala viungo vya mtu. Alikosea. Mgonjwa asingoje nyota, atibiwe leo." Akakisoma tena, kimyakimya. "Kumbe alikuwa anazikataa?"

"Alikuwa anazikataa."

Tonton alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Bon," alisema mwishowe. "Hii sanduku iko nzito, na mugongo yangu inauma. Nitasema sikukukuta."

"Usiseme hivyo, tonton. Sema ulinikuta, na nikakataa."

Alikwenda mikono mitupu. Saa nne tulimzika papa. Mchungaji alisimama juu ya kaburi akasema tumepoteza nguzo, mtu wa maarifa, mpenda vitabu, na waliofuta jina lake wakasema amina. Jioni niliongea na binti yake kwa simu ya video. Alikuwa na koti jeupe, akiwa kazini. Nilimwonyesha sanduku, akaniomba nimsomee kikaratasi kimoja, kisha kingine. Nilisoma mpaka chaji ikaisha.

Kwa hiyo somo langu ni hili, na ninaliandika wazi ili asije mtu akasema sikulitaja. Hatukumtupa papa kwa sababu ya imani. Tulimtupa kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuliko kukaa chini na kusoma, na kwa sababu mtu mmoja mwenye cheo aliumia kiburi, nasi wengine wote tukaogopa kufutwa naye. Hakuna aliyemchukia. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: aliachwa peke yake na watu waliompenda, kila mmoja akimngoja mwingine aseme neno, na mimi mmoja wao, niliyejua na nikanyamaza miezi minne kwa aibu ya picha. Wiki hii kuna jina jingine limetolewa kwenye orodha. Ni mama mmoja aliyevunjika nyonga, na kosa lake ni kwamba alihamia kanisa jingine. Kesho nikitoka kazini ninakwenda kumwona, na sitamuuliza mtu ruhusa. Ninyi pia msiulize.