Gari Lisilo na Mngurumo

Marehemu baba alikuwa fundi wa malori Kondoa, na magari aliyatambua kwa masikio. Akiwa amelala chumbani angesema, "Hilo ni la mbao, linarudi tupu," na kweli lingepita tupu. Kazi hiyo ilimwachia kifua kibovu. Moshi kidogo tu wa dizeli ulimkohoza mpaka akajikunja.

Kwa hiyo niliponunua gari la umeme, lililokwisha kutumika Japani, nilitangaza kwamba ni kwa ajili yake. Sehemu ndogo ilikuwa kweli. Sehemu kubwa nilitaka wenzangu kazini wanione. Niliwahutubia kuhusu hewa safi hadi wakaanza kwenda kunywa chai mapema ili wanikwepe. Mmoja aliniuliza betri ikifa nitaizika wapi. Nilimjibu kwa maneno mengi, na jibu halikuwamo.

Baba alilipanda mara moja, alipokuja kliniki Dodoma. Kutoka hospitali mpaka kwangu Nzuguni hakukohoa hata kidogo.

"Umeshaliwasha?" aliuliza.

"Tumefika, baba."

"Hili litakuja kugonga mtu." Akacheka. "Lakini kifua kimelipenda. Siku moja unirudishe nalo nyumbani."

Sikumrudisha. Betri ilikuwa imechoka. Ikijaa pomoni, Chemba tu, kabla ya Kondoa, ilikuwa shida kufika. Sikutaka fundi alijue hilo. Nikampandisha basi, akakohoa njia nzima.

Miezi michache baadaye mdogo wangu alinipigia simu baada ya swala ya alfajiri. Baba ametangulia, watazika baada ya adhuhuri. Kwetu maiti haikawizwi, na mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeingia kaburini kumpokea baba yake. Kutoka kwangu hadi stendi ya mabasi ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Nikachukua gari. Nilijiambia natimiza ahadi, kana kwamba abiria bado yupo.

Nilizima kiyoyozi, nikaenda mwendo wa msafara wa harusi. Jua na vilima vikainywa betri. Kabla ya Chemba nililazimika kusimama kijijini, kwenye mashine ya kusaga, nikaomba umeme. Mashine ikisaga, chaji ilikatika. Niliposema naenda kumzika baba, mwenye mashine aliizima, na akina mama wakakalia ndoo zao za mahindi kunisubiri.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mzee wao.

"Marahaba. Pole, baba. Kumbe gari nalo linakula?"

"Linakula."

"Mbona linakula kama mgonjwa?"

Wenzake wakainama kuficha kicheko. Basi la Kondoa likatokea.

"Lile linakwenda kwenu," akasema. "Panda. Gari tutakulindia."

Nikatazama kioo cha gari kinachoonyesha chaji. Nikasema bado kidogo tu. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na asubuhi ile nilikuwa nahesabu asilimia. Basi la pili lilipopita, yule mama aligeuka kwenye ndoo yake, akanipa mgongo.

Kondoa, gari la mfiwa husikika tangu mbali. Watu huacha koleo wakangoja. Langu halikusikika. Nilifika makaburini nikasimama nyuma ya migongo yao, asigeuke mtu. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti, anasawazisha udongo kwa viganja. Aliponiona alishtuka.

"Kaka. Tulikuwa tunakusikilizia. Kila gari likinguruma tunasema ndiye yeye. Imamu ametuvumilia mpaka akasema basi."

"Nani aliingia?"

"Mimi."

Akanisogezea nafasi. Nilichota udongo kwa mikono miwili, mara tatu, kama inavyotakiwa. Kaburi lilikuwa limekwisha kujaa. Nilichoongeza kiliporomoka pembeni, kikarudi miguuni pangu.