Nywele za Kijani Katika Sanduku la Baba

Nilisikia mapovu kabla sijaona kitu. Nilikuwa nimetoka katika jua jeupe la saa saba, macho yamejaa mwanga, na ukumbi wa nyumba yetu ulikuwa giza tupu. Nikasimama kizingitini kama kipofu, mkoba wangu wa safari ya Dar es Salaam mkononi, huku wanawake wakisoma Yasini mahali fulani mbele yangu. Na chini ya Yasini, kwa pumzi ileile ya siku zote, mapovu: blu, blu, blu. Pampu ya baba ilikuwa inafanya kazi. Kwa muda mfupi sana nilidhani habari za kifo cha baba nilizoletewa zilikuwa za uongo.

Kisha macho yakazoea giza, nikaona mikeka, nikaona vichwa vilivyofunikwa, nikamwona mama.

Baba alikuwa fundi wa mitambo melini. Aliporudi Bagamoyo kukaa moja kwa moja, magoti yakiwa yamekwisha, hakuleta mazulia wala redio kama mabaharia wengine. Alileta pampu ndogo ya hewa aliyoinunua Bombay. Akaunda sanduku la kioo kwa fremu ya chuma, akaziba pembe zake kwa lami, akalijaza maji ya bahari na mawe ya bahari na samaki wanne. Mama alikuwa akiliita mke mwenziwe. "Mwenzangu huyu hapiki wala hafui," aliwaambia wageni, "na zamu zote anapewa yeye." Baba alicheka. Alikaa mbele ya kioo kile jioni nzima, mikono juu ya magoti yake mabovu, kama mtu aliyeko dirishani kwao.

Alipofariki, samaki alikuwa amebaki mmoja. Kitatange, wa manjano mwenye mistari myeusi, mwembamba kama kisahani kilichosimamishwa wima.

Siku ya saba, wageni wa mbali walipokwisha kuondoka, mama aliniita chumbani. Alikuwa amekalia kitanda katika kanga zilizopauka, bila wanja, bila hina, bila harufu yoyote ya manukato. Sikuwahi kumwona mama yangu akiwa hanukii.

"Baba yako aliniachia neno," akasema. "Akitangulia yeye, yule samaki arudishwe maji makuu."

"Nitampeleka kesho, mama."

"Hutampeleka." Akanitazama kama niliyetaka kumwibia. "Nitampeleka mimi, eda ikiisha. Mume wangu wanaume walimbeba, sikufika hata kona ya njia. Nilibaki ndani na vilio vya watu. Huyu nitamsindikiza mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka maji yanifike magotini."

Miezi minne na siku kumi. Alikuwa na vikombe viwili juu ya kabati, na kila alfajiri, baada ya sala, alihamisha punje moja ya kunde kutoka kikombe cha kulia hadi cha kushoto. Nikaandika barua kazini kwangu, ofisi nilimokuwa nikichapa barua za watu wengine, kwamba sirudi bado. Hadithi niliyokuwa nikiiandika nikaiacha katikati ya sentensi. Kazi yangu sasa ilikuwa moja: kumweka samaki hai mpaka mama atoke.

Sikujua chochote. Baba hakupata kuniruhusu kugusa maji yale. Nilijua tu kutazama.

Nywele zilianza katika mwezi wa pili. Kwanza ulikuwa utando tu juu ya jiwe, wa kijani kichanga, mzuri hata. Baada ya siku chache utando ukawa manyoya, manyoya yakawa nywele ndefu laini zilizopepea kila pampu ilipopuliza, zikafunika mawe, zikapanda kwenye bomba la hewa, zikashika kioo. Samaki alipita katikati yake kama mtu anayetafuta njia kwenye nyasi zilizomzidi kimo.

Jirani yetu, bibi mmoja muuza vitumbua ambaye sauti yake ilisikika nyumba tatu, alikuja kumtazama mama akasimama mbele ya sanduku.

"Ee! Samaki wenu amefuga ndevu kama kadhi!"

"Si yeye, bibi. Ni mawe."

"Basi leta kitana niyasuke. Nitayasuka ule msuko wa twende kilioni, yafanane na nyumba."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na kilipofika mwisho wake kiligeuka, akalia mpaka bibi yule naye akakaa chini akalia. Kisha, kabla hajaenda, bibi alimega kitumbua, akakifikicha juu ya maji. "Sadaka kwa kiumbe," akasema. "Thawabu zimfikie marehemu."

Hivyo ndivyo walivyofanya wote. Kila mwanamke aliyekuja kumpa mama pole alimrushia samaki kitu: mkate wa kumimina, wali wa khitma, tende iliyotafunwa kidogo. Kiumbe mmoja, na mji mzima unamlisha kwa niaba ya maiti. Niliona vipande vikizama kati ya mawe na kuoza, na nilihisi kwamba havifai. Lakini ni nani angesimama katika nyumba ya msiba amwambie mtu mzima, usimtolee sadaka baba yangu? Nilingoja waondoke, nikaingiza mkono na kuokota nilichoweza.

Nikapigana na nywele zile kwa kila nilichokuwa nacho. Nilizisokota kwa vijiti vya ufagio wa chelewa, nikizungusha polepole mpaka zikang'oka kwa mashada, kama unavyosokota tambi kwenye uma. Nilitoa jiwe mojamoja nikalisugua uani kwa mswaki na maji ya chumvi, nikalianika juani. Nilikwenda mpaka Kaole maji yalipokupwa, nikaokota konokono kwenye mizizi ya mikoko, nikawatia kumi na wawili. Walikula juma moja kwa bidii, kisha wakaanza kufa, nami nikawatoa. Mikono yangu ilinuka mwani hata nilipokula. Mama alikaa kitini akinielekeza: "Pale nyuma. Umeacha pale."

Mwishoni nikafikiri: kila cha kijani hula jua. Nikachukua buibui la mama, ambalo yeye hakuwa na safari ya kulivaa, nikalifunika sanduku lote siku tatu. Mama hakupenda. Alipita akiweka kiganja juu ya kitambaa cheusi, akasikiliza mapovu. Siku ya nne nilipolivuta, nywele zilikuwa zimepauka, mvi tupu, zikitoka zenyewe nikizigusa. Nikazitoa zote. Samaki akaja mbele kabisa, manjano yake yakawaka.

"Sasa anapumua," mama akasema. Punje za kushoto zilikuwa zimezidi za kulia.

Ili kumaliza kazi vizuri, nikabadilisha maji. Hapo ndipo ilipo dhambi yangu, na niliifanya kwa usafi wa moyo. Masika ilikuwa imeshika. Nilikuwa nikichota kwenye ufuko wa mjini, karibu na forodha, debe moja kichwani na ndoo mkononi. Maji yalikuwa na tope, lakini niliyaacha yatulie usiku kucha, asubuhi nikamimina yale ya juu tu, yaliyong'aa. Nilijisifu kwa akili hiyo. Kila nywele ziliporudi, nami nilirudi ufukoni; kila niliporudi ufukoni, nazo zilirudi nene zaidi, na kila mara samaki alisogea karibu zaidi na bomba la hewa, mapezi yake yakichakaa pembeni kama kanga iliyofuliwa mno.

Sasa nieleze habari za mtu mmoja ambaye sijamtaja. Baba alikuwa na rafiki, mvuvi mwenye ngarawa yake, mtu mfupi mwenye maneno mengi. Ndiye aliyempeleka baba baharini kwa shughuli zake zote. Tangu msiba alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri, lakini ndani hakuingia: mwanamume asiye ndugu hana la kufanya ndani ya nyumba ya mwanamke aliye edani. Alisimama barazani, akaupa mlango mgongo, akazungumza na barabara.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sikaribii, nauliza tu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na yule mfungwa wetu?"

"Salama."

"Alhamdulillahi. Mwambieni asitoroke, dhamana yake mimi sina." Akacheka peke yake, akaenda zake.

Salama. Nilimjibu hivyo siku zote, hata siku nilizokuwa na nywele zile zimenigandia viwikoni. Ndivyo tulivyolelewa. Hata mgonjwa aliye taabani huulizwa hujambo naye akajibu sijambo, kisha ndipo aseme kwamba hajalala siku mbili. Jibu la kwanza ni la adabu. La pili ndilo la kweli. Lakini mazungumzo ya mlangoni, na mtu anayeogopa kuonekana amekawia kwa mjane, hayafiki kwenye la pili.

Ilikuwa siku ambayo samaki alianza kulalia ubavu. Alijinyoosha, akaogelea kidogo, akalala tena, matamvua yakienda mbio. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo na hataki kuondoka. Nikasikia hodi.

"Na yule mfungwa wetu?"

"Salama," nikasema. Kisha nikasogea mpaka kizingitini. "Si salama, baba. Anakufa. Nywele zinamla na kila nikibadilisha maji zinazidi."

Akasahau adabu, akageuka. "Maji unachota wapi?"

"Hapo chini, penye forodha."

"Tangu lini?"

"Tangu mapipa yalipokwisha kumwagwa."

"Mapipa gani yamemwagwa?"

Nikamweleza. Yale mawili ya uani. Siku ya tatu ya matanga watu walikuwa wengi, maji ya kisima hayakuwa na pa kuwekwa, ndugu za baba wakayaona mapipa yamejaa maji ya chumvi wakasema ni uchafu tu. Mimi mwenyewe nilisaidia kuyainamisha. Mirihani ya mama ilikauka kwa chumvi ile.

Mvuvi alikaa chini barazani.

"Yale yalikuwa ya masika, mwanangu," akasema. "Kila mwaka, kaskazi, tulikwenda mimi na yeye mpaka nje ya fungu la mchanga tukajaza. Masika hakugusa maji ya hapa. Haya si bahari. Mto Ruvu unatapika yote hapo, tope la mashamba na mavi ya ng'ombe wa bara yote. Ukiyachuja yanang'aa, lakini onja. Chumvi nusu. Na ule mwani wako unayanywa kama uji." Akajipigapiga kichwa kwa kiganja. "Kila siku nauliza, kila siku salama! Mimi nikajua mapipa yapo!"

"Nilikuwa nikijibu tu, baba."

"Najua. Nami nilikuwa nikiuliza tu."

Akaondoka karibu anakimbia. Alitaka kupata maji safi kabla ya asubuhi. Nami nikarudi ndani, nikachukua kikombe, nikayaonja maji ya sanduku la baba. Yalikuwa kama machozi yaliyochanganywa na maji ya kunywa.

Mama hakulala, nami sikumsihi. Alfajiri nilimkuta palepale, mkono juu ya kioo. Mapovu yalikuwa yakiendelea. Kitatange alikuwa juu, amelala bapa, akisukumwa na pumzi ya pampu kutoka pembe moja hadi nyingine, na rangi yake ya manjano bado haijatoka.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Kabla ya adhana."

Kikombe cha kulia kilikuwa na punje kumi na moja. Niliziona, na nikasema neno la kijinga, kwa kuwa sikuweza kusema jingine: kwamba siku kumi na moja si nyingi, kwamba ningeweza kumtia chumvi nikamhifadhi, mama akampeleka mwenyewe kama alivyotaka.

"Unataka nimsindikize ng'onda?" Hakuwa na hasira. Alinyoosha mkono akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Maiti hacheleweshwi, mwanangu. Mpeleke wewe."

"Mama, nisamehe."

"Mpeleke kabla jua halijawa kali."

Alimtoa mwenyewe, kwa viganja viwili, akitenga nywele za kijani zilizomshika mkia. Akamweka katika bakuli la udongo alilolijaza maji ya sanduku, akamfunika kwa leso ya baba. Akalichomoa bomba la pampu. Nyumba ikawa kimya hata nikasikia kuku wa jirani wakichakura uani. Akatembea nami ukumbini mpaka pale mwanga wa nje unapoanza sakafuni, na hapo miguu yake ikasimama, ile miguu aliyokuwa ameiahidi maji.

Mvuvi alikuwa ndiyo kwanza anapanda baraza, nguo zimelowa hadi kiunoni, debe la maji begani. Aliliona bakuli. Akalitua debe taratibu, lisimwagike, akageuka akatazama ukuta, kwa sababu mama alikuwa karibu na mlango.

Nilishuka ngazi. Nilitaka kugeuka nimtazame mama, lakini bakuli lilikuwa limejaa, nikaogopa kulimwaga. Nyuma yangu nikasikia mama akivuta pumzi, kisha mlango ukafungwa.