Bi Tikisa na Nusu Iliyopotea

Mpaka mwisho wa maisha yake hakuwahi kufungua kopo bila kulipindua kwanza. Liwe la sukari, la majani ya chai au la poda ya mtoto wa jirani, alilipindua, akalitikisa, ndipo akafungua. Kwenye maabara alikokuwa mkemia walimpachika jina la Bi Tikisa, naye akaliitikia bila kinyongo.

"Kizito kimeshashuka chini, we unachota juu na kujidanganya," alimwambia binti wa kaka yake, siku binti huyo alipoajiriwa kwenye maabara hiyo hiyo, mkemia mpya aliyekuwa bado kwenye muda wa majaribio.

Maabara ilitaka kuthibitisha njia yake mpya ya kupima dawa kwenye premiksi, ule unga wa vitamini na madini unaotiwa dawa na kuchanganywa kwenye chakula cha kuku. Walikuwa wametia dawa kwenye pumba tupu, kwa kipimo wanachokijua, na mashine ikaisoma yote. Wakaguzi walikuwa njiani. Zilibaki sahihi mbili tu kwenye hati ya uthibitisho, ya shangazi na ya binti.

Shangazi akagoma. Alirudia jaribio, safari hii pumba akaichanganya na madini kama yaliyomo kwenye mifuko ya kiwandani. Mashine ikaona nusu tu ya dawa.

"Nusu nyingine imekwenda wapi?" mkuu wa maabara akauliza.

"Haijaenda popote. Imeng'ang'ania shaba iliyomo kwenye madini, na maji yetu ya kuyeyushia hayana ubavu wa kuing'oa. Kiwanda kikiambiwa dawa ni pungufu, kitaongeza. Kuku watakula maradufu, na mayai tutakula sisi."

"Bi Tikisa, mama yangu, wakaguzi hawatauliza hayo."

"Basi nitawauliza mimi."

Kesho yake alihamishiwa mapokezi, kubandika namba kwenye sampuli. Alichukua kikombe chake, akashuka ngazi kifua mbele huku akipiga mluzi.

Mkuu akamgeukia binti. "Wewe bado uko kwenye majaribio. Nadhani hujasahau."

Hati ilikuwa mezani, kalamu juu yake.  Binti alimfikiria baba yake, aliyeitangaza ajira ile mtaa mzima. Kisha akauvuta mfuko wa premiksi, akaupindua juu chini, akautikisa taratibu mbele ya macho ya mkuu.

"Ala! Na wewe?"

"Na mimi, Mkuu. Tuwaambie wakaguzi kazi haijaisha."

Mkuu alimnunia, lakini hakuwa na mtu mwingine wa kutia sahihi. Wakaguzi walikuja, wakaelezwa, wakaagiza jaribio likamilishwe. Binti akawa anabadili maji ya kuyeyushia, anashindwa, anarudi nyumbani kugombana na shangazi yake juu ya tindikali ya kuyatia, anaanza upya. Madini yalipokubali kuiachia dawa, shangazi alikuwa amelazwa hospitali, hana nguvu ya kuinua hata glasi.

Binti alimkimbilia, koti la maabara bado mwilini.

"Shangazi, imekubali! Premiksi ya kuku, na madini yake yote. Dawa imeonekana yote, na mkuu mwenyewe ametia sahihi!"

Shangazi alifumba macho. Binti akadhani anashukuru. Kisha jicho moja likafumbuka.

"Na ya nguruwe je? Ile ina shaba nyingi kuliko hiyo. Mmeipima, au mmekisia?"