Siku nilipofua karindula ya wazee kwa sabuni, saa chache kabla ya onyesho lao la mwisho Kolwezi

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, mji wa shaba.

Haya ninayoandika yalitokea kweli, na sehemu inayonivunjia heshima sijaikata. Kama kuna aliyekuwepo ukumbini Jumapili ile na anasoma hapa, nikikosea anirekebishe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Musonoi, cité, yaani mtaa, ya wachimbaji pembeni ya mashimo ya shaba. Niliondoka na begi moja nikaenda Dar. Nilibeba spika kwenye harusi za watu, nikalala stoo juu ya nyaya, nikasoma jioni mpaka nikapata Diploma ya electronics. Hakuna mjomba aliyenisomesha, wala padri. Leo nimerudi na sound system yangu mwenyewe, na hapa Kolwezi mtu akitaka sauti safi ananitafuta mimi.

Nayasema haya ili muelewe nilikuwa nimepanda juu kiasi gani kabla ya kuanguka.

Sasa kuna kundi la wazee linaitwa Bakubwa ba Lubudi. Lubudi ni mji wa reli katikati ya mashamba, na muziki wao ni wa huko huko: wa jembe, wa treni, wa mapenzi ya zamani.

Wanapiga karindula. Kwa msioijua, ni kama banjo kubwa ya nyuzi nne. Tumbo lake ni kipipa cha mafuta, na mdomo wa kipipa umefungwa ngozi ya mbuzi. Ikilia, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Baba yangu akitoka shift alikuwa anacheza mdundo wake uani, juu ya sementi, hata buti hajavua.

Mwaka huu wazee walitangaza kwamba wanastaafu. Kiongozi wao, Tata Kalenga (tata ni baba), vidole vimeanza kukakamaa. Walikwenda Sandoa kuaga, wakaaga nyumbani Lubudi, na onyesho la kufunga likapangwa Kolwezi, ukumbi mkubwa wenye stage na viti vya namba, Jumapili saa tisa alasiri. Baada ya hapo, basi.

Sound akapewa nani? Mimi.

Saa nne asubuhi karindula ikanifikia ukumbini. Wazee wenyewe walikuwa misani. Wakuu, ile ngozi ilikuwa nyeusi tii! Masizi, mafuta, alama za vidole za miaka na miaka. Nikafikiria wapiga picha watakaokuja, nikaona aibu kwa niaba yao.

Nikachukua maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa. Nikasugua mpaka ngozi ikawa nyeupe. Nikaipiga picha, nikaweka status: "Maandalizi ya kimataifa."

Saa saba wazee wakaja kwa soundcheck. Tata Kalenga akaketi, akagusa uzi wa kwanza.

Ikatoa sauti ya godoro lililoloa.

Akagusa tena. Halafu akainamia ngozi, akainusa.

"Nani alifula hii ngozi?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wee njo ule wa diplome?"

"Njo mimi, Tata."

"Ku masomo yako, balikufundisha kufula ngoma na sabuni?"

Wenzake wawili wa magitaa walicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, na upole wake uliniuma kuliko matusi. Ngozi ile ilifungwa na mdogo wake Ilunga, mpigaji wa kwanza wa karindula hiyo, ambaye sasa ni marehemu. Kila mara kabla ya kupiga huiotesha moto ili ikaze. Yale masizi na mafuta ndiyo yanayoikinga na unyevu, na ni moshi wa kila mahali walipowahi kupiga.

"Mi nilitaka kuaga Kolwezi na sauti ya Ilunga," akasema. "Sasa nitaaga na nini?"

Nikamwambia ninayo bass ya umeme, mpya kabisa.

"Hiyo piga ku harusi."

Dawa ilikuwa moja, moto. Lakini ukumbini moto ni marufuku, na nje mvua ilikuwa inapiga kweli kweli. Nikakumbuka taa zangu za stage, fahari yangu nyingine. Nikaziwasha zote, nikaielekeza ngozi kwazo. LED, wakuu. Zinang'aa kama mbingu na hazina joto hata la kukausha leso.

Hapo ndipo nikasikia harufu ya samaki.

Ng'ambo ya geti kuna Mama Ngalula, mama wa asili ya Kasai, anachoma samaki kwenye mbabula, jiko la makaa, chini ya kibanda cha mabati. Nikaibeba karindula chini ya mwavuli, Tata Kalenga nyuma yangu.

"Eeh, mwana wa diplome!" Mama Ngalula akapiga makofi. "Leo unaleta ngoma juu ya samaki yangu?"

"Mama, nakulomba moto kidogo."

"Weka. Lakini kama itanuka samaki, mi sijue."

Nikaishika mimi. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya bluu, ile niliyoinunua Dar kwa ajili ya siku ya kupokea diploma. Tata Kalenga alikaa kwenye kreti, sikio karibu na ngozi, akawa ananiongoza kwa maneno machache.

"Geuza. Mbali. Mbali, utaipasula! Sasa karibu."

Kila baada ya muda anagonga kwa kidole, anatikisa kichwa. Ngozi ikikauka haraka inapasuka, na ikipasuka ameaga bila Ilunga. Moshi unaniingia machoni. Watu wanapita na tiketi zao, wananiona.

"Muone! Diplomé anachoma karindula!"

"Ongeza chumvi!"

Saa tisa ikapita. Ukumbini wakaanza kupiga miluzi. Sikuthubutu hata kuangalia saa.

Kisha Tata Kalenga akagonga, na safari hii hakutikisa kichwa. Akavuta uzi mnene kuliko zote.

Wakuu, nilizisikia buti za baba yangu kwenye sementi.

"Ilunga ameamuka," akasema mzee.

Akaanza kupiga pale pale, kati ya makaa na samaki. Wenzake wakaja mbio na magitaa wakitabasamu. Ukumbi ukatoka! Watu wakaacha viti vyao vya namba, wakasimama kwenye mvua kutuzunguka, Mama Ngalula anacheza na koleo lake mkononi. Tukaingia ndani wote kwa pamoja kama maandamano, mzee anapiga huku anatembea chini ya mwavuli, ngozi isiloe tena, mimi nimeshikilia kipipa kwa chini.

Ndani nikaweka mic yangu moja, pahali panapotakiwa, na mtu wa mstari wa nyuma kabisa akasikia hata kucha ikigusa uzi. Hapo diploma ilifanya kazi yake. Hiyo haki msininyime.

Mshereheshaji akaomba watu wakae. Tata Kalenga akamkatiza kwenye kipaza sauti:

"Baache basimame! Batu benye kukaa ni ba kilio. Mi sijafa."

Hakuna aliyekaa tena. Walipiga mpaka mvua ikakatika. Mwisho mzee akalaza kiganja juu ya ngozi, sauti ikanyamaza, akaniita stage. Nikajua sasa naaibishwa. Akanishika mkono, akauinua, akawaonyesha watu shati na suti vilivyojaa masizi.

"Mumuone huyu. Sasa diplome yake iko na moshi!"

Ukumbi ulilipuka. Nimepokea cheti mbele ya watu mara moja maishani, na makofi hayakufika hata nusu ya yale.

Nilichojifunza: kabla hujasafisha kitu cha mzee, muulize kwanza ule uchafu unafanya kazi gani.

Mliowahi kusafisha kitu mkakiua, leteni visa vyenu hapa. Mnaotaka kunicheka pia karibuni, foleni inaanzia kwa Mama Ngalula.

Mke wangu ameniuliza mara tatu suti inakwenda kwa dobi lini. Ipo nyuma ya mlango, inanuka moshi, na samaki kidogo. Sijaifua.