Mama Klé na Kioo Kilichojaa Ukungu

Emérita hakupenda kuitwa fundi mwanamke. Fundi ni fundi, alikuwa akisema, nati haiulizi nani kashika spana. Pale parking ya Masisi-centre, mashariki mwa Kongo, walimwita Mama Klé, yaani Mama Spana, naye jina hilo alilipokea kama cheo.

Ufundi alifunzwa na Sylvain, dereva, mwaka alioingia Masisi akikimbia vita vya Walikale na kitenge kimoja mabegani. Wengine walimpa pole. Sylvain alimpa taa amshikie chini ya gari, kisha spana, kisha injini nzima aifungue peke yake. Kwa hiyo siku ile ya Novemba 2012, Papa Polycarpe alipomfukuza Sylvain kazi mbele ya parking nzima, Emérita aliumia kana kwamba ametukaniwa baba.

Polycarpe alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la chumvi na vitenge, na Land Cruiser moja iliyowazidi umri baadhi ya vijana walioshika bunduki kwenye bariyeri, vizuizi vya barabarani. Sylvain ndiye aliyeiendesha, hadi mvua kubwa ilipomkuta karibu na Bihambwe akaitumbukiza mtaroni ikiwa imejaa abiria. Hakufa mtu. Lakini miaka ile gari lililokwama porini lilikuwa karamu ya wenye silaha: abiria walikimbia kwa miguu, na waliporudi kesho yake hawakukuta hata gunia moja.

“Ulikunywa kasiksi!” Polycarpe alimfokea, akiitaja pombe ya ndizi.

“Hapana, boss. Kioo njo kilinifunga macho na ukungu. Klima inakufaka mu njia.”

Parking nzima ikacheka. Klima! Masisi, ambako watu hulala na blanketi mbili, nani ana haja na kiyoyozi? Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa milimani: tunadhani chombo kile ni cha kuwapoza matajiri wa kwenye joto. Hatujui kwamba msimu wa mvua ndicho kinachonyonya unyevu ndani ya gari na kukisafisha kioo. Polycarpe, apate kuonekana mtu wa haki, alimwita fundi Séraphin. Séraphin akawasha gari asubuhi, akaweka mkono kwenye tundu la hewa, akasema, “Baridi iko. Klima iko muzima.” Baridi itakosaje? Masisi hata mbele ya shimo la panya utaipata.

Basi jina la mlevi likamganda Sylvain kama gundi. Hakuna tajiri aliyempa usukani tena, na mzee wa watu akawa anashinda nyumbani kwa aibu. Emérita alivumilia wiki mbili. Ya tatu akaenda dukani.

“Papa Polycarpe, unipatie gari saa moja tu. Lakini utaendesha weye mwenyewe.”

“Miye? Juu ya nini?”

“Juu weye haunywake hata bière.”

“Na kama klima iko muzima?”

“Nitaweka maklé chini mbele ya bantu bote. Sitagusa gari tena.”

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, akijua anachokiweka rehani. Ufundi ndio uliokuwa unamlisha, na hakuwa na kingine.

Polycarpe akakubali, naye Emérita akangoja mvua ya mchana. Akawapakia nyuma mama watano waliokuwa wakirudi Bihambwe kutoka sokoni, wamelowa chapachapa, akiwemo Annonciata, aliyepoteza magunia mawili ya maharagwe siku ya ajali na kuwashinda wote kwa kumwita Sylvain mlevi. Polycarpe akawasha injini, Emérita akabonyeza kitufe cha klima. Mbele kukasikika tak! Kioo kilikuwa safi.

“Unaona?” Polycarpe akasema.

“Gari ikiwa ya baridi inadanganyaka,” Emérita akajibu. “Twende.”

Wakapanda mlima. Baada ya nusu saa hivi, injini imeshapata moto, Emérita akasikia tak nyingine, ndogo, ya kitu kilichoachia. Alinyamaza kwa makusudi, Mungu amsamehe. Pumzi za watu saba na nguo mbichi zikaanza kukipaka kioo ukungu. Polycarpe akafuta kwa mkono. Akafuta kwa kitambaa. Akafuta kwa kofia, huku akimwita Bikira Maria, na gurudumu la kushoto likazama mtaroni. Gari likainama upande, injini ingali ikinguruma.

Kisha Emérita akamgeukia polepole.

“Papa Polycarpe, na weye ulikunywa nini?”

Mama wa nyuma waliangua kicheko cha kusikika mlima wa pili. Annonciata peke yake hakucheka.

Emérita akafungua kapo, mfuniko wa injini, akamwita tajiri aje kwenye mvua aone kwa macho yake. Puli ya kompresa ya klima, gurudumu linalozungushwa na mkanda wa injini, ilikuwa ikizunguka, lakini sahani ya mbele yake, ile inayovutwa na sumaku ya umeme ili kompresa ifanye kazi, ilikuwa imesimama kimya. Akagusisha taa ndogo kwenye waya: ikawaka, umeme upo. Ndipo akachukua mpini wa jembe wa mama mmoja na kuisukuma ile sahani taratibu. Tak! Ikanasa, ikazunguka.

“Kioo kinafunguka!” Annonciata akapiga kelele kutoka ndani.

Basi kompresa haikuwa imekufa. Emérita alizima injini, akaomba kadi za simu zilizokwisha kukwanguliwa, apimie nafasi. Kati ya sahani na puli, mahali pa kadi moja, tatu zilipita bila kugusa. Sahani ilikuwa imelika kwa miaka na kwenda mbali na puli. Asubuhi sumaku iliweza kuivuta, ikishapata joto inachoka na kuiachia. Alifungua nati ya katikati, akatoa rondela moja nyembamba, pete ya chuma iliyoiweka sahani mbali, akarudisha sahani. Sasa kadi moja ilipita kwa kubanwa, ya pili ikakataa.

Wakalisukuma gari likatoka. Wakaenda hadi Bihambwe na kurudi, saa nzima ya mvua, kioo kikiwa safi kama maji ya chemchemi. Emérita aliimba njia nzima, na sauti yake si nzuri.

Polycarpe alikwenda moja kwa moja kwa Sylvain na kumnyooshea ufunguo mlangoni. Sylvain hakuupokea.

“Ulinifukuzia ku parking, boss.”

Kwetu ndivyo ilivyo: ulipomvulia mtu nguo, hapo hapo umvishe. Polycarpe akalimeza hilo, akarudi naye parking, akapanda juu ya bampa.

“Sylvain hakulewa!” alipaza sauti. “Miye mwenyewe leo nilianguka mu mtaro na ile gari, na pombe sijaonja tangu nibatizwe!”

Wenye pikipiki wakapiga honi zote kwa pamoja. Emérita akalia bila kujificha. Sylvain aliupokea ufunguo, akawageukia watu.

“Kesho konvoi ya magari inatoka saa mbili,” akasema. “Nani anapanda na miye?”

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Annonciata.