Kiti cha Mama kwenye Ndege ya Kigoma

Asubuhi ile Mama alikuwa uani anachambua mchele, ndege ndogo ikapita juu ya mtaa wetu wa Buyenzi kuelekea kusini.

"Hao wanakwenda Kigoma," alisema. "Pesa yote ile wanalipa, na hata usingizi hawaupati!"

Tulicheka. Kutoka Bujumbura hadi Kigoma kwa ndege haikufika hata saa nzima. Kwa ziwa ungekesha.

Wiki hiyohiyo risasi ziliingia mtaani. Mume wangu, Saidi, alikuwa fundi wa magari, na tajiri mmoja aliyesafirisha bidhaa kwa ndege akampa kiti kimoja. Hatukubishana kiwe cha nani. Mama magoti yalikuwa yakimsumbua, na ziwa aliliogopa tangu utotoni. Sisi wenye miguu tungezunguka na watoto wawili.

"Mtanikuta nimeshawapikia," alituambia, amevaa kanga mpya kama anakwenda harusini. "Haya wanangu, murabeho, kwaherini."

Saidi alimpeleka uwanjani, akamwona anapanda, akarudi. Tukaondoka mara moja.

Hadi Rumonge tulipata lori. Baada ya hapo, miguu.

Jioni moja tulisikia milio mbele yetu. Tukalala kifudifudi migombani. Nilimziba mwanangu mdogo mdomo kwa kiganja.

Wenye bunduki walipita karibu. Niliona viatu vyao.

Hofu yangu yote ilikuwa kwa watoto. Kwa Mama sikuwa nayo hata kidogo. Kila nilipochoka nilimfikiria amekaa kwa watu Ujiji, anakosoa chumvi ya mboga yao, na nilimshukuru Mungu kwamba mmoja wetu amefika salama.

Kagunga, ng'ambo ya mpaka, tulikuta ufukwe umejaa watu wanaosubiri boti. Tulisubiri nao. Hatimaye moja ikatuchukua, ikapitia Mwamgongo, ikatufikisha Kigoma. Kabla hata ya kutafuta maji ya kuoga nilikwenda uwanja wa ndege, nikamwamkia mlinzi mmoja mtu mzima, nikamweleza ninayemtafuta.

"Ndege ya siku hiyo haikutua, mwanangu," alisema. "Mvua ilikuwa imeloweka uwanja. Tuliiona ikizunguka hapa juu, kisha ikageuka."

"Ikaenda wapi?"

"Ilikotoka. Bujumbura." Akanisogezea kiti chake. "Pole sana."

Wakati sisi tunarushwarushwa ndani ya lori, Mama alikuwa ameshashushwa kulekule tulikomtoa. Simu hazikushika. Saidi alitaka kurudi, wenye boti wote wakamkatalia. Nilisimama ufukweni nikitazama kaskazini, nikashindwa hata kulia. Maji yalikuwa mbele yangu, na sikuwa na la kufanya.

Baadaye sana jirani yetu mmoja alifika kwenye kambi ya wakimbizi tuliyopokelewa, ndiye aliyenieleza. Mama alirudi nyumbani kwa miguu, na magoti yale. Alikuta tumeshafunga mlango na kuondoka. Majirani walimsihi akimbie nao, akakataa, akasema binti yake atarudi kumfungulia. Walimwacha amekaa kibarazani. Kisha mtaa ulivamiwa, na hakuna aliyemwona tena.

Sasa tunaishi Kasingirima, hapahapa Kigoma, na tuna wajukuu. Watu huniambia halikuwa kosa la mtu, ni mvua tu, na ni kweli. Lakini ufunguo wa mlango ule nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga, tangu Buyenzi mpaka Kigoma.