Maboksi Mawili Yaliyobaki Mnyambe

Mfumo wa kompyuta wa nyaraka za mizigo ulitukatalia saa nne asubuhi. Nilikuwa ofisini kwetu Mnyambe, chumba kimoja ubavuni mwa ghala la kikundi cha akina mama wanaobangua korosho. Walikuwa wameniajiri kushughulikia nyaraka. Huo ulikuwa mzigo wetu wa kwanza kwenda ng'ambo bila bahasha za karatasi za kupeleka kwa basi. Mnunuzi alitaka kila kitu kipite kwenye kompyuta: ankara, orodha ya mzigo, cheti cha afya ya mimea. Sasa maandishi mekundu yalisema mzigo uliofika bandarini haulingani na orodha.

Nilijua papo hapo. Maboksi mawili yalishushwa kutoka kwenye lori yakabaki ghalani kwa kuwa yaliingiwa na unyevu. Orodha nilikuwa nimeituma kabla ya kupakia, nionekane mwepesi, na afisa wa mimea aliifuata hiyo hiyo kuandika cheti chake. Kontena lilikuwa Mtwara na meli ingeondoka kesho kutwa.

Nikakaa, nikasimama. Nikafungua ukurasa, nikaufunga, nikaufungua tena. Nilifikiria kusingizia mtandao. Wangeniamini, kwetu mtandao hukatika kila siku.

Mama mwenyekiti akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unazunguka hivyo?"

Nikamweleza yote. Alifunga upya kanga yake.

"Nilikuona ukituma lori likiwa tupu," alisema. "Nikadhani hiyo mashine inaona yenyewe."

"Haioni, mama. Inaamini ninachoiandikia."

"Basi twende kwa huyo afisa."

Tulichukua bodaboda hadi Newala, kisha basi hadi Masasi, kwenye ofisi yake. Njia nzima nilikuwa natazama simu, kana kwamba yale maandishi yangejifuta.

Afisa alisoma, akavua miwani. "Nani alihesabu?"

"Hakuna, baba. Niliandika bila kuhesabu."

Mama mwenyekiti hakunitetea, lakini hakuondoka kwenye kiti chake. Afisa akapiga simu bandarini, akaomba maboksi yahesabiwe. Tukangoja hadi alasiri ndipo akafuta cheti cha kwanza na kutoa kingine. Nilirekebisha orodha palepale mezani kwake, nikaituma.

Mfumo ulichelewa kuyakubali marekebisho, na meli ikatuacha. Kontena likaondoka na iliyofuata, nami kwa majuma kadhaa sikutulia. Nilichungulia ukurasa ule nikiwa sokoni, nikiwa jikoni, hata msibani nyumbani kwetu Lupaso, nikajionea aibu.

Siku majibu ya mnunuzi yalipokuja, neno lilikuwa moja: Imepokelewa. Nilimwita mama mwenyekiti.

"Na huko wanaliona jina la kikundi chetu?" aliuliza.

"Wanaliona."

Alilifuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, herufi moja moja. Kisha akawaita wenzake waje kutazama. Wakaacha kubangua, wakajazana mlangoni, vidole vyao vyeusi kwa mafuta ya maganda, naye akawakataza kugusa kioo.